Lami imefika mtaani, mtaro nao ni wa nani?

Kandambili (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nami nimeona nianzishe uzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Naishi Temeke. Mtaa siutaji, mradi wenyewe siutaji, kwa sababu mwenyekiti wetu naye yumo humu na jina lake la bandia tunalijua. Nimepanga hapa tangu 2014. Enzi hizo kutoka kituoni mpaka nyumbani kiangazi ni dakika kumi, masika ni dakika arobaini na viatu mkononi. Mama mwenye nyumba alikuwa na matofali sita kayapanga uani kama daraja. Ukikosea moja umezama kwenye maji ambayo hutaki kujua yametoka wapi. Wa Dar mnajua habari ya kutapisha vyoo: mvua kubwa ikianza usiku, yupo jirani aliyekuwa anaingoja hiyo hiyo, anatoboa shimo lake maji yabebe. Asubuhi mnaamkia harufu, kila mtu anamtazama mwenzake na hakuna anayesema.

Mradi ukaja. Wakaanza watu wa vipimo, zikafuata X nyekundu ukutani, vikao, fidia, maneno ya fidia, mwisho magreda. Leo tuna lami. Nyembamba, lakini lami. Mtaro wa zege pande zote mbili, njia ya watembea kwa miguu ya vitofali, taa za barabarani, na pale palipokuwa jalala pana mabenchi manne na miti ambayo mbuzi bado hawajaimaliza. Bajaji inafika mlangoni. Mwaka juzi jirani alishikwa na uchungu saa nane usiku, akachukuliwa mlangoni kwake. Dada yake alipojifungua 2015 alibebwa kwenye kiti mpaka barabara kubwa. Muuza vitumbua aliyekuwa anafunga jua likizama, siku hizi anauza mpaka saa nne chini ya taa. Sibezi mradi, naomba hilo lieleweke kabla hamjaja na mapanga.

Kilichonileta ni hiki. Masika haya maji yameingia tena ndani. Si kama zamani, ni ya kifundoni tu, lakini yameingia. Nikatoka na tochi kuangalia mtaro. Umejaa! Chupa, pampasi, maganda ya mihogo, nusu ya godoro, na mchanga. Mchanga ndio mwingi kuliko vyote.

Nikaenda kwa mjumbe, akanituma ofisi ya mtaa. Ofisi ya mtaa wakanituma kwingine, kule wakaniuliza kama nimeanzia ofisi ya mtaa.

Wajuzi, mtaro huu ni wa nani?

Chuma Ulete

Wa kwako. Chukua koleo.

Dalali Mstaafu

Mleta uzi hujamaliza hadithi. Sema na kodi imekuwaje baada ya lami.

Kandambili

Mkuu umenigusa kidonda. Chumba nilichoanza nacho kwa elfu thelathini sasa ni elfu sabini, miezi sita mkononi. Vyumba ni vile vile, bati lile lile linalovuja. Kilichobadilika ni kwamba gari linafika.

Dalali Mstaafu

Ndiyo biashara yenyewe hiyo. Nimefanya udalali Mbagala na Yombo. Siku watu wa vipimo wanapita na zile fito zao, mimi nilikuwa tayari nimeshaongea na wenye nyumba watatu. Greda halijafika, bei imeshapanda. Wapangaji wa zamani wanasogea mbele, Chamazi, Chanika, Kivule, wanaanza upya kwenye tope. Baada ya miaka kumi lami inawafuata na huko, wanasogea tena.

Mwananchi Mwema

Wapangaji mnalalamika sana. Mlilia tope, tope limeondoka, sasa mnalilia lami. Mitaro ingekuwa safi kama kila mtu angeacha kutupa taka. Serikali imeshafanya sehemu yake.

Fundi Mchundo

Nijibu swali la mleta uzi kitaalamu kidogo, nimezunguka sana kwenye kazi hizi. Sizungumzii mtaa wake, siujui.

Mtaro mmoja una wenyewe watatu, ndiyo maana ukiuliza unazungushwa. Zege lenyewe ni sehemu ya barabara, na barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri. Kwa hiyo mtaro ukipasuka, ukibomoka, kalvati likititia, mlango wa kubisha ni huo. Taka zilizomo ndani ni habari nyingine: taka ngumu ni kazi ya halmashauri, ambayo mara nyingi inatumia mkandarasi au kikundi kinachokusanya ada nyumba kwa nyumba. Halafu kuna maji ya jikoni na bafuni yanayoingizwa na kila nyumba kwa kibomba chake. Hayo hayana mwenyewe kabisa, ni ya usiku.

Mchanga je? Mchanga hauna wa kumlaumu, na ndiyo sababu nauogopa kuliko taka. Ardhi ya Dar ni ya kichanga. Mradi umeweka lami kwenye njia kuu ya mtaa, ila vichochoro vyote vinavyoshukia hapo bado ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha vichochoro vinamwaga mchanga mtaroni. Maji yakiwa na kasi yanaubeba, yakipungua kasi yanautua. Yanapungua kasi wapi? Pale mteremko unapolala, na pale mtu alipojijengea kidaraja cha kuingizia gari. Mtaro una upana wa kutosha ndoo tatu zilizopangana, yeye anaweka bomba la inchi sita, anamwaga zege juu, anaegesha Passo yake. Chupa moja ikikaa kwenye lile bomba, mtaro mzima wa juu yake umekuwa bwawa.

Mleta uzi, kabla hujatafuta ofisi, tembea mtaro wako mpaka mwisho uhesabu hivyo vidaraja.

Kandambili

Fundi, umenipa kazi. Nitahesabu.

mama_wawili_keko

Mmenikumbusha vikao vya fidia. Ukuta wangu uliliwa mita moja na nusu. Nililipwa, sidai. Lakini kuna bibi jirani yetu nyumba yake haikuguswa hata tofali, ila lami ilipomaliza kunyanyuka ikawa juu ya mlango wake. Sasa mvua ikinyesha yeye ndiye mtaro. Kwenye karatasi hakuathirika, maana X hakuwa nayo.

Fundi Mchundo

Hilo la barabara kupanda juu ya nyumba ni kosa la kawaida mno. Kujaza udongo ni rahisi kuliko kuchimba, na mkandarasi analipwa kwa barabara. Wakati wa usanifu ndiyo wa kupiga kelele, maana zege likishakauka kelele haina kazi.

Bonde la Chini

Nyie wa juu mnaulizana mtaro ni wa nani. Mimi niko bondeni, nawajibu: maji ni yangu. Zamani mvua ikinyesha huko kwenu ilizama kwenye mchanga, iliyobaki ikaja taratibu kwa siku nzima. Sasa mmesakafia, mmetia zege, yote yanafika kwangu kwa nusu saa, na pampasi zenu zote. Desemba 2011 tulipozolewa na mafuriko, wenzetu waliopelekwa kuhamia Mabwepande walituacha tukisema tutapambana. Nimepambana. Mmeniletea mtaro wenye kasi.

Dalali Mstaafu

Aisee.

Kandambili

Bonde la Chini, sina jibu. Sijawahi kufikiria mtaro unakwisha wapi, nilifikiria unaanzia wapi.

Fundi Mchundo

Anachosema ni kweli na ndiyo maana mipango mikubwa inaanza na mto kabla ya mtaa. Mradi wa DMDP, ule wa kuendeleza jiji la Dar, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, mkopo wa dola milioni 300 kwa Ilala, Kinondoni na Temeke, haukuwa wa barabara peke yake. Ulikuwa na mifereji mikubwa ya kupokea maji ya mitaa. Mto Ng'ombe kule Tandale na Kigogo umejengewa kingo za zege. Aliyeuona zamani akiuona leo atapotea. Na Mto Msimbazi wenyewe una mradi wake wa peke yake ulioidhinishwa 2022: daraja jipya la Jangwani, kuwahamisha watu kwa fidia kutoka bonde la chini, na bustani ya jiji pale ambapo maji yataachiwa nafasi ya kutanda. Mimi ningeshangilia hiyo bustani kuliko daraja. Kuyajengea maji mahali pa kukaa ni akili ambayo tumechelewa kuipata.

Na wale vijana wenye simu na vesti waliopita mitaani miaka hiyo, wengi walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mafuriko. Walikuwa wanawauliza wenyeji: mwaka ule maji yalifika wapi kwenye ukuta huu? Mzee anaonyesha kwa mkono, kiunoni, gotini, wao wanaandika. Ukitaka kujua mafuriko, muulize mwenye ukuta.

Mzee Kibonde

Vijana shikamooni… samahani, marahaba. Simu ya mjukuu hii.

Mnaongea kana kwamba mambo haya yameanza 2015. Mimi nilikuwa Hanna Nassif, kule Kinondoni, miaka ya tisini. Pale palikuwa maji tu. Kati ya 1994 na 2000 tulijenga mitaro na barabara za kifusi kwa mikono yetu, ILO, shirika la kazi duniani, wakileta utaalamu na Chuo cha Ardhi kikisaidia. Mkataba wa kazi ulikuwa wetu wenyewe wa mtaa. Hakuna mkandarasi aliyekuja na watu wake kutoka mbali. Wanawake walichimba na kulipwa sawa na wanaume, jambo ambalo lilileta kelele majumbani, nakumbuka vizuri.

Kila aliyechimba alijua pale chini pana nini. Mtoto akitupa ganda mtaroni anazabwa kibao na mtu ambaye si mzazi wake, na mzazi anashukuru. Na magari yaliyoingia yalitoa ada kwa ajili ya matengenezo. Pale njiani unasimama, unalipa, unapita.

Chuma Ulete

Marahaba mzee. Sasa hiyo ada ya geti iliishia wapi?

Mzee Kibonde

Iliishia zinakoishia ada. Mwanzo wanalipa wote. Kisha mkubwa mmoja anasema mimi nawahi. Kisha wa pili. Anayekusanya naye ana njaa. Lakini usidharau, miaka ilipita mitaro ikiwa safi. Kibao ndicho kilichodumu kuliko geti.

Bint Ng'ambo

Salaam kutoka Unguja. Naona mnazungumza mitaro tu, mie nitie neno juu ya mahali pa kukaa, maana mleta uzi kayataja mabenchi yake kwa haraka kisha kayapita.

Forodhani, bustani yetu ya ufukweni Mji Mkongwe, kabla ya 2009 ilikuwa imechoka. Jua kali, vumbi, ukuta wa bahari umeliwa, usiku giza na moshi wa karabai. Aga Khan wakaifanya upya, ukuta ukatengenezwa, taa, nyasi, pa watoto kucheza. Wauzaji waliondoshwa kazi ikifanywa, na watu wakasema hawa ndio basi, hawatarudi, patakuwa pa watalii. Wakarudi. Wanavaa kofia nyeupe za wapishi, mishkaki na urojo na miwa viko pale pale. Bei ya pweza sitaki kuisema, ina maji ya macho. Lakini magharibi yakiingia nenda utazame: watoto wa mji mzima wanajirusha baharini, wazee wamekaa ukutani, mgeni na mwenyeji wamechanganyika. Hapana geti, hapana kiingilio.

Sasa nyie mabenchi yenu manne, nani anayakalia?

Kandambili

Bint, swali zuri na jibu lake si zuri sana. Asubuhi wanakaa wazee wa bao. Mchana bodaboda. Jioni vijana, na vijana wakikaa akina dada hawapiti hapo. Mwanamke sijamwona akikaa pale hata siku moja. Mke wangu nilipomuuliza akasema, "Nikae nifanye nini, nani anapika?"

Bint Ng'ambo

Si neno la kupika hilo. Wekeni bembea mbili za watoto mtaona. Mtoto akija na mama yuaja. Mama akija, vijana watapunguza sauti wenyewe.

mama_wawili_keko

Naunga mkono bembea. Na choo. Wanaume wanaopanga haya mambo hawajawahi kutembea na mtoto wa miaka mitatu.

Kijana wa Reuben

Habari zenu kutoka Nairobi, Mukuru kwa Reuben. Mnaruhusu majirani?

Kwetu mambo yalianza kwa karatasi, si kwa greda. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, karibu kaya laki moja zimebanana kando ya viwanda. Kwa muda hakuna mtu angejenga upya hadi mpango utoke. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa duni, na wenzao wakatupanga kwa vikundi vya nyumba kumi kumi. Kumi wanakaa wanaongea, wanatuma mmoja. Nilikuwa naona ni mchezo. Lakini barabara zilipokuja kujengwa kuanzia 2020, watu walikuwa washajua barabara inapita wapi na nani anasongesha mabati yake nyuma futi ngapi. Jirani yangu alikata nyumba yake mwenyewe kwa msumeno. Sijui kama angekubali akiambiwa na askari.

Nisiwapake mafuta lakini. Novemba 2021, pale kwa Njenga, matinga yalikuja kwa ajili ya barabara nyingine, wengi wakalala nje kwa mahema na mvua. Mukuru ile ile moja. Siku moja unashirikishwa, siku nyingine unabomolewa.

Kuhusu mtaro: wale kumi ndio huzibua kipande chao. Si kila kikundi. Chetu kinajaribu.

Mzee Kibonde

Nyumba kumi! Mjukuu, hiyo ni ya kwetu. Balozi wa nyumba kumi, enzi za TANU. Nyie Kenya mliichukua juzi juzi kwa mambo ya usalama.

Kijana wa Reuben

Tunashukuru mzee, tutarudisha ikiwa safi.

Mwananchi Mwema

Ndiyo maana nasema mfumo upo tayari. Wajumbe wapo. Wananchi washirikiane na viongozi wao badala ya kuja kulalamika mitandaoni.

Kandambili

Mwananchi Mwema, tatizo la mjumbe wa leo ni kwamba ni wa chama. Akipiga mbiu ya usafi, nusu ya mtaa wanadhani ni kampeni. Wale kumi wa Mukuru nimewapenda kwa sababu hawana bendera.

Jingine, na hili najua litaniletea matusi. Kodi imepanda kwa sababu ya barabara. Aliyepata faida ya barabara ni mwenye nyumba. Anayezibua mtaro Jumamosi ni mpangaji, kwa sababu mwenye nyumba anaishi Kibaha. Mimi nasema mwenye nyumba atoe chochote kila mwezi kwa ajili ya mtaro unaopita mbele ya nyumba yake. Elfu tano tu.

mama_wawili_keko

Hapo umenikosea kaka. Mimi ni mwenye nyumba. Mume amefariki, nina vyumba viwili vya kupangisha, ndiyo ada ya shule na ndiyo dawa ya mama. Nalipa kodi ya jengo, nalipa ada ya taka, ukuta nimekatwa. Usituweke wote kwenye kapu la mtu wa Kibaha. Na wapangaji wangu ndio wanaomwaga maji ya dagaa mtaroni saa sita usiku, nawasikia.

Kandambili

Dada samahani. Nimejumlisha.

Dalali Mstaafu

Msamaha umepokelewa au bado? Maana huyu dada nikimwangalia maandishi yake…

mama_wawili_keko

Bado. Dagaa wanaendelea.

Fundi Mchundo

Elfu tano si wazo baya, ila pesa bila mtu ni geti la Mzee Kibonde. Nilipoona mitaro inakaa safi, pana kijana mmoja anayejulikana, ana koleo na toroli, analipwa na nyumba zinazomfahamu kwa jina. Na mchanga anaotoa anauuza! Mchanga wa mtaroni ukikaa juani wiki mbili watu wanaununua wa kusawazishia viwanja. Si mzuri wa kujengea, una uchafu, msije mkaupigia plasta.

Jambo moja tu la hatari. Mkizibua msiweke tope ukingoni. Kila mahali naona mirundo imepangwa pembeni ya mtaro kama makaburi, mvua ya kwanza inairudisha yote ndani.

Chuma Ulete

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Koleo.

Kandambili

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Wakuu nilipotea, sikulala. Nimetembea mtaro kama Fundi alivyoniagiza, kuanzia juu kwenye duka la mangi mpaka unapoingia kwenye mfereji mkubwa. Hatua zangu 640. Vidaraja vya watu ni 31. Kati ya hivyo, 19 mkono unapita wazi, tisa vina bomba dogo, vitatu vimezibwa kabisa kwa zege, mtaro umegeuzwa sakafu.

Tulianza nyumba saba, si kumi. Tatu zilikataa. Mmoja aliniuliza nimetumwa na chama gani, mwingine akasema atakuja na hajaja mpaka leo, wa tatu ni yule wa kutapisha, yeye hata mlango hakufungua. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye sikutarajia, alinunua koleo mbili na akapika uji. Jumamosi mbili tumetoa viroba 74. Nimekuta simu, meno ya bandia na sufuria ambayo mwenyewe aliitambua papo hapo akaichukua bila aibu. Kikundi cha taka kilikubali kubeba viroba kwa guta tulipowaita mapema. Mara ya kwanza tuliwaita wamekwisha pita, tukalala na harufu yetu.

Kijana wa toroli tumempata. Nyumba saba kwa elfu tatu tatu. Mama wa Keko, ningekuwa mtaa wako ningekuja kuzibua kwako bure kulipa deni la maneno.

Bonde la Chini, nimekufikiria. Tumeweka wavu wa nondo pale mwisho wetu, taka ngumu zinakwama kwetu kabla ya kuja kwako. Kijana anausafisha. Maji lakini yatakuja, hilo siwezi kulizuia.

Vidaraja vyenye bomba dogo tumeongea na wenyewe. Sita wamekubali kubomoa na kuweka mfuniko wa zege wa kunyanyuliwa, ule wenye vishikio. Wawili wanasubiri mwisho wa mwezi. Wa tisa…

Jana usiku imenyesha. Saa saba nimetoka na tochi. Kipande chetu maji yalikuwa yanakimbia mpaka raha, nikasimama pale na kandambili zangu nikiyatazama. Nikayafuata. Yamekimbia vizuri nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na tano, halafu nikaona yanapanda barabarani. Nikamulika. Kidaraja kipana, kizuri, kimepakwa rangi nyeupe na nyekundu pembeni, bomba la inchi sita, na ndani yake chupa ya soda ya lita moja imekaa kama kizibo kilichopimwa.

Nyumba siitaji. Nimesema tangu mwanzo mwenyewe yumo humu.

Dalali Mstaafu

Hahaha! Naleta kiti.

Bonde la Chini

Wavu nimeuona, maana taka zimepungua. Maji yamefika saa nane na dakika ishirini. Ahsante kwa wavu.

Bint Ng'ambo

Na bembea?

Kandambili

Bembea moja imepatikana, ya tairi. Imefungwa jana asubuhi. Mpaka jana jioni imekaliwa na dereva bodaboda.

Mwananchi Mwema

Hilo bomba aliliweka fundi kabla sijachaguliwa, na niliambiwa inchi sita inatosha. Jumamosi saa moja asubuhi. Mjumbe wa chama asije, na wewe usije na simu. Njoo na koleo, nyundo ninayo.

Fundi Mchundo

Mkibomoa, kateni zege kwa vipande vidogo, msiangushe lote mtaroni. Na mfuniko mpya muugawe mara tatu, mmoja mzima hamtaunyanyua.

Chuma Ulete

Asije na simu, basi nani atatupia picha?